Dawa ya Kokeini Yajaribiwa, Bado Haijapatikana

  

Ndugu Waislamu, tumeletewa masuali matatu na wasomaji wetu, na kwa kuwa yote yazunguka jambo moja tumeona tuyajibu pamoja. La kwanza lauliza: je, ni kweli kuwa imepatikana dawa ya kumwachisha mtu kokeini, kwani kuna watu wapitao majumbani wakisema wanayo? La pili: ikiwa dawa yenyewe ni ya jinsi ya vileo, yamjuzia Muislamu kuitumia? Na la tatu latoka kwa kijana asomaye ng'ambo, ambaye ameona tangazo la matabibu wanaotafuta waraibu wa kokeini ili wawajaribie dawa mpya. Ana ndugu yake huko aliyetumbukia katika balaa hilo, naye auliza kama ni halali ndugu huyo kuitoa nafsi yake ijaribiwe.

Jibu la suali la kwanza ni fupi, na twalitoa mwanzo ili asiye na wakati wa kusoma yote asije akadanganyika. Haijapatikana. Mpaka leo hakuna hata dawa moja ya uraibu wa kokeini iliyothibiti ikakubaliwa na mamlaka za dawa za Marekani wala za Ulaya. Zimejaribiwa nyingi mno, kwa muda wa miaka 40 hivi, na matabibu wakubwa wamemaliza umri wao katika kazi hiyo. Basi mwenye kubisha hodi akasema "ninayo", ama hajui alisemalo, ama ajua naye anakula mali za watu kwa batili.

Tunajua kuwa jibu hili litawachoma baadhi ya wazazi, na wengine watatuambia: je, Mtume s.a.w. hakutufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake? Naam, ametufunza, nasi twaamini. Lakini mapokezi mengine ya hadithi hiyo hiyo yameongeza kuwa dawa hiyo aijuaye huijua, na asiyeijua haijui. Watu wetu wameipenda sehemu ya kwanza wakaisahau ya pili. Ile ya kwanza yatukataza kukata tamaa na yatulazimisha kutafuta. Ile ya pili yatukataza kudai tusichokijua. Na ametufunza pia kuwa mwenye kujitia utabibu, hali hakujulikana kuwa na elimu yake, hudhaminishwa kwa madhara atakayoyaleta. Hukumu hiyo lau ingelitekelezwa katika miji yetu ya pwani, milango mingapi ya waganga ingelifungwa!

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Kokeini hutolewa katika majani ya mti wa koka, uotao katika milima ya Amerika ya Kusini, nchi za Peru, Bolivia na Kolombia. Wenyeji wa huko hutafuna majani hayo tangu zamani za kale, kama watafunavyo miraa watu wa Yemen na wa huku kwetu (wala hatusemi hayo ili kumfurahisha mtafunaji wa miraa, yeye tutamrejea siku nyingine). Kiini chake kilichotengwa na majani ndicho kokeini, na aliyekitenga ni mwanakemia wa Kijerumani, Albert Niemann, mwaka 1860.

Katika miji yetu unga uliowaangamiza vijana zaidi ni heroini, si kokeini, na mtu asichanganye mambo. Lakini tusijifariji. Mwezi wa Desemba 2004 ilikamatwa hapa Kenya kokeini ipatayo zaidi ya tani 1, nyingine Nairobi na nyingine Malindi, pwani yetu hii hii, na ikachomwa moto mwaka 2006. Mzigo mkubwa kama huo haukuletwa uliwe na watu wa Malindi. Ulikuwa ukipita. Lakini kila gunia lipitalo njiani humwaga punje, na punje hizo huokotwa na watoto wa njia hiyo. Na ulimwenguni jambo lazidi: Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa watumiaji wa kokeini walikuwa milioni 17 mwaka 2013, na kufikia 2023 wakawa milioni 25.

Sasa, watu wetu wameona kuwa heroini ina dawa. Methadoni ilianza kutumiwa kwa waraibu wa heroini huko New York katika miaka ya 1960 na Vincent Dole na Marie Nyswander. Ikafika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kenya ikaanza mwezi wa Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikaja Malindi na Mombasa. Kila mmoja wetu amemwona kijana aliyekuwa akilala barazani, leo anakwenda kliniki asubuhi, anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini. Hapo ndipo mtu asemapo: kama ile imepata dawa, hii itakosaje?

Sababu ni kuwa maradhi mawili haya hayafanani ndani. Heroini ni kama ufunguo uingiao katika kufuli maalumu ya ubongo, na methadoni ni ufunguo mwingine uingiao katika kufuli hiyo hiyo, ukakaa humo siku nzima kwa utulivu, mtu asipate arosto wala asipae. Kokeini haina kufuli ya namna hiyo. Ubongo wa mwanadamu una kitu kiitwacho dopamini, ambacho hutoka mtu apatapo jambo la kumpendeza: chakula akiwa na njaa, mwanawe akicheka, kazi ngumu ikimalizika. Kikishatoka hurejeshwa upesi kilikotoka. Mfano wake ni maji ya msikitini, yatokayo katika mfereji, mtu akatawadha, kisha yakaingia katika tundu la kutolea. Kokeini huliziba tundu hilo. Maji hufurika, na mtu huona raha ambayo Mwenyezi Mungu hakuuumba mwili wake kuichukua. Yakirudiwa hayo kila siku, ubongo wenyewe hujilinda kwa kupunguza kupokea, na mraibu akawa haoni tena ladha ya chakula, wala ya mtoto, wala ya sala.

Tabibu atakaye kuingia kati aone taabu yake! Akitaka kuizuia dopamini isifanye kazi, amezizuia na furaha zote za halali, na mgonjwa huitupa dawa hiyo baada ya siku chache. Akitaka kuliziba tundu kidogo kwa kitu kingine, achelea amempa mraibu uraibu wa pili. Ndiyo maana dawa hii imekuwa ngumu kupatikana, wala si kwa uvivu wa watafutaji.

Na inafaa wasomaji wetu wajue jinsi dawa ijaribiwavyo, kwani hapa ndipo palipo tofauti ya elimu na biashara ya chupa. Wala jambo hili si geni kwetu. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad, alitaka kujua kama kutoa damu kwafaa kwa maradhi ya uvimbe wa kichwani. Akawatoa damu kundi moja la wagonjwa, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi, apate kulinganisha. Na Ibn Sina katika Kanuni yake ameweka masharti ya kuijaribu dawa, na miongoni mwayo ni kuwa athari yake ionekane daima au mara nyingi, kwani itokeayo mara moja huenda ikawa ni sadfa tu. Sharti jingine ni kuwa dawa ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa kuwa kuijaribu kwa simba au farasi hakujulishi itakavyomfanya mtu. Haya waliyaandika Waislamu karibu miaka 1,000 iliyopita, kisha watoto wao wakaenda kununua hirizi.

Njia ya leo imejengwa juu ya msingi huo huo na kuzidishwa. Wagonjwa hugawanywa kwa kura. Wengine hupewa dawa, na wengine kidonge kifananacho nayo kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hamna dawa. Mgonjwa hajui amepewa kipi, na tabibu amtazamaye naye hajui. Wala haitoshi mgonjwa kusema "nimeacha", hupimwa mkojo. Mtu atauliza, kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu mraibu ajapo kwa miguu yake kutaka kutibiwa, moyo wake umekwisha kugeuka, na katika watu kama hao wako watakaoacha kwa muda hata ukiwapa sukari. Asiyekuwa na kundi la pili la kulinganisha atadhani sukari yake ni dawa.

Tutoe mfano mmoja, nao ni wenye mazingatio. Mwaka 1989 walitangaza matabibu wa Marekani matokeo ya dawa iitwayo desipramini, ambayo asili yake ni ya wenye huzuni ya maradhi. Waliijaribu kwa waraibu wa kokeini 72 kwa wiki 6. Katika waliopewa desipramini, 59 kwa kila 100 walikaa wiki 3 au 4 mfululizo bila ya kokeini, na katika waliopewa kidonge kitupu, 17 kwa kila 100. Nani asiyefurahi kwa khabari kama hiyo? Lakini wenye elimu hawakusimama hapo. Wengine wakairudia kazi ile mahali pengine na kwa watu wengi zaidi, na faida ile haikusimama. Wakaandika hivyo hivyo, kuwa haikusimama. Baklofeni nayo, iliyopunguza hamu ya kokeini katika panya, ilijaribiwa kwa watu 160 ikaonekana haina tofauti na kidonge kitupu.

Kisha ikaja chanjo. Fikra yake ilikuwa nzuri sana: mwili ufundishwe kuikamata kokeini katika damu kabla haijafika katika ubongo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2009 walishiriki watu 115, na wale ambao miili yao ilitoa kinga ya kutosha hawakufika hata nusu, walikuwa 38 kwa kila 100. Hao kweli walipunguza. Wengine walionekana kuzidisha kokeini maradufu wapate kuishinda chanjo, na hili peke yake latosha kutuonyesha nguvu ya maradhi haya. Likafanywa jaribio kubwa la watu 300 katika vituo 6 vya Marekani, matokeo yake yakatoka 2014, na chanjo haikuthibiti. Hivi sasa wako wataalamu wa Brazili, katika Chuo Kikuu cha Minas Gerais, wenye chanjo yao waiitayo Calixcoca, iliyopata tuzo kubwa mwaka 2023 baada ya kuonyesha dalili njema katika wanyama. Twawaombea kheri, lakini nayo haina budi kupita njia hii hii.

Tumesikia mtu akisema kwa kejeli: hao Wazungu na mashine zao wameshindwa, basi turudini kwa mabingwa wetu. Ndugu yetu, kushindwa kunakoandikwa na kusomwa ni elimu, kwani ajaye nyuma hapotezi umri wake katika njia iliyokwisha kuonekana haipiti. Mganga wetu yeye hashindwi kamwe. Mgonjwa akipona, ni dawa yake. Asipopona, amevunja miiko. Akifa, siku zake zilikuwa zimekwisha. Mtu wa namna hiyo atajifunza lini? Na Qur'ani imetuamrisha tunapoletewa khabari na asiyeaminika tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Ikiwa khabari ya ulimi yapelelezwa, sembuse kitu cha kumeza!

Asidhani msomaji, hata hivyo, kuwa kukosekana dawa ni kukosekana tiba. Katika yote yaliyojaribiwa kwa kokeini, lililoonyesha faida iliyo wazi zaidi si kidonge, ni tuzo. Katika jimbo la Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Stephen Higgins na wenzake waliwapa waraibu nasaha kwa muda wa wiki 24. Baadhi yao waliongezewa hati za kununulia vitu vya manufaa kila mkojo ulipoonekana safi, na kila waliposhika mfululizo hati ikapanda thamani. Waliopewa hati, 75 kwa kila 100 walidumu mpaka mwisho wa matibabu, na waliopewa nasaha peke yake, 40 kwa kila 100, na wa kwanza wakadumu zaidi katika usafi. Jambo hili limerudiwa mara nyingi na mahali pengi, likasimama. Wako watakaocheka, kumlipa mtu kwa kuacha maasi? Lakini mwalimu wa chuo hampi mtoto kipande cha halua amalizapo juzuu? Na katika mafungu ya zaka hakuna fungu la watu watiwao nguvu nyoyo zao? Hatusemi kuwa mraibu aingia katika fungu hilo, hayo ni ya wanavyuoni. Twasema tu kuwa kuuvuta moyo dhaifu kwa kitu kidogo cha dunia si jambo geni katika dini hii. Ubongo uliosahau furaha ndogo huzoezwa kuzijua tena, moja moja.

Na wako wasemao: hawa ni waasi, waacheni wafe. Kwa hao twakumbusha kisa kilicho katika Bukhari, cha mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume s.a.w. kwa sababu ya ulevi, naye akipigwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, na akamshuhudilia kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Dhambi ilikuwa ni dhambi, na adhabu ilitekelezwa, wala hakuna aliyesema ulevi ni halali. Lakini mlango wa jamaa haukufungwa usoni pake. Sisi twaufunga, kisha twashangaa kwa nini kijana amerudi kwa wauzaji, ambao wao mlango wao haufungwi.

Tuje katika suali la pili, la kutibu uraibu kwa kitu cha jinsi ya vileo. Hapa tahadhari yapasa kuwa kubwa, na historia ya kokeini yenyewe ndiyo shahidi. Mwaka 1884, katika mji wa Vienna, tabibu kijana aitwaye Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata sifa kubwa duniani, aliandika kitabu kidogo cha kuisifu koka. Alikuwa na rafiki yake mpenzi, Ernst von Fleischl-Marxow, mwanachuoni aliyekatwa kidole gumba kwa sababu ya jeraha, akapata maumivu yasiyokwisha, akazoea mofini. Freud akampa kokeini ili imtoe katika mofini. Mwanzoni ilionekana kama muujiza, na Freud akasimama mbele ya watu akaisifu tiba ile. Hakuwa na kundi la kulinganisha, alikuwa na rafiki mmoja na shauku nyingi. Fleischl-Marxow hakutoka katika mofini, aliiongezea kokeini, akaichukua kwa kiasi cha kutisha, akawa akiona nyoka na wadudu wakimtambaa, na akafa mwaka 1891 naye ni mtu wa miaka 45. Na kadhalika heroini, iliuzwa na kampuni ya Bayer kuanzia 1898 kuwa ni dawa ya kikohozi.

Amepokea Muslim kuwa Tariq bin Suwaid alimwuliza Mtume s.a.w. juu ya mvinyo, akamkataza. Akasema yeye huutengeneza kwa ajili ya dawa, naye akajibiwa kuwa huo si dawa bali ni maradhi. Hilo ndilo asili. Kisha mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii waliojuzisha kujitibu kwa kilicho najisi, kisichokuwa mvinyo wenyewe, waliweka masharti: kisipatikane kilicho tohara cha kushika mahali pake, na faida yake ijulikane, ama mgonjwa awe ana elimu ya utabibu mwenyewe, ama aambiwe na tabibu Muislamu muadilifu. Zingatieni neno hilo, ijulikane. Dharura haisimami juu ya dhana.

Kwa sababu hiyo twaona methadoni yajuzu kwa mraibu wa heroini, kwani faida yake imejulikana, hutolewa kwa kipimo, mbele ya muuguzi, wala haimlevyi aliyeizoea kwa kipimo chake, nayo humwondoa katika sindano na wizi na mauti ya njiani. Ama kokeini, yamefanywa majaribio ya kuwapa waraibu wake dawa za jamii ya amfetamini kwa kipimo kidogo chini ya uangalizi. Baadhi yalionyesha faida, lakini jambo bado halijathibiti. Basi atakayemwambia kijana wenu "meza hivi vya kuchangamsha, vitakuondolea hamu", na hali si tabibu katika hospitali, amemrejesha katika njia ya Fleischl-Marxow.

Hapa mwenye akili ataona ugumu, nasi hatuufichi. Ikiwa dawa haijuzu mpaka ijulikane, nayo haijulikani mpaka ijaribiwe, itajaribiwaje? Hili ndilo suali la tatu, la kijana wetu wa ng'ambo.

Ikiwa dawa inayojaribiwa si ya jinsi ya vileo, hatuoni kizuizi. Kutafuta tiba kumeamrishwa, na atakayejitoa kwa nia ya kupona na ya kuwafaa wenzake twamtarajia thawabu, hata ikiwa kura itamwangukia kwa kidonge kitupu. Kwani asidhani kuwa huyo amepunjwa: dawa bado haijajulikana kama yafaa au yadhuru, na huenda aliye na kitupu ndiye aliyesalimika. Na ikiwa inayojaribiwa ni ya jinsi ya vileo, sisi twaegemea kumruhusu mraibu peke yake, si mtu mzima, kwa kanuni ya kuchukua lililo jepesi katika madhara mawili. Yeye tayari anakunywa sumu isiyo na kipimo kila siku, na madhara yake ni ya yakini, hata moyo huweza kusimama ghafula kwa kijana asiye na maradhi mengine. Kupewa kitu kidogo kwa kipimo, mbele ya jicho la tabibu, kwa muda unaojulikana, ni afadhali kuliko aliyo nayo. Wako mashekhe watakaotukhalifu katika hili, na kauli yao ina nguvu, nasi tutaipokea na kuichapa wakituandikia.

Lakini ridhaa yake iwe ridhaa ya kweli. Mtu aliye katika arosto au aliyekwisha kutumia hajui alitialo saini. Asubiriwe mpaka atulie, asomewe kila neno kwa lugha aifahamuyo, na aambiwe kuwa anaweza kujitoa wakati wowote wala hatanyimwa matibabu yake ya kawaida. Hayo si masharti yetu peke yetu. Matabibu wa dunia waliyaandika katika azimio la Helsinki la mwaka 1964 kuwa ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kujua, na waliyaandika kwa sababu ya mabaya yaliyotendeka. Huko Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1935 nyumba kubwa ya serikali, nusu hospitali na nusu gereza, na wafungwa waraibu wakajaribiwa vitu vingi humo kwa miaka mingi. Walikubali, ndiyo. Lakini miongoni mwa ujira wao ilikuwa ni unga ule ule uliowafikisha gerezani. Yakakomeshwa hayo katika miaka ya 1970. Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya sahani si ridhaa.

Kwa hivyo ndugu huyo atazame analipwa nini. Nauli na badali ya siku yake ya kazi, hapana ubaya. Fedha nyingi mkononi kwa mraibu wa kokeini, hiyo ni hatari, na matabibu wenye insafu hulijua hilo wakatoa hati za duka badala ya fedha. Na aulize ni kamati gani iliyolipitisha jaribio hilo, kwani kila jaribio la haki lina kamati yake, na karatasi yenye jina na simu ya msimamizi. Wasipompa karatasi, asiende.

Na wale kina mama waliotuuliza juu ya mtu wa chupa apitaye majumbani, waulizeni mtu huyo maneno haya haya: nani amekupitisha, umewajaribia wangapi, na wangapi hawakupona? Akiwa hana jibu, fedha hizo bora ziwekwe ziwe nauli ya kijana kwenda kliniki, na za mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa hizo wiki za mwanzo asiachwe akaenda peke yake. Na kijana akishikwa na maumivu ya kifua, au akaanguka, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, na tabibu aambiwe kweli kuwa ametumia kokeini. Wako waliofichiwa aibu mpaka wakafa. Wallahu aalam.